Jini wa rangi za maji, kutoka karatasini hadi kitabuni

Kwa picha za riwaya ya majini, nunua karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Iliyo nyepesi hujikunja na rangi hutuama mabondeni.

Hapa Unguja adui ni unyevu, hasa masika. Rangi huchelewa kukauka, na ukiongeza mkono wa pili mapema, maji mapya huisukuma rangi ya chini pembeni, ikaacha alama zenye kingo kama koliflawa. Macho yatakudanganya kuwa pamekauka. Gusa kwa mgongo wa mkono: karatasi ikiwa baridi, bado ina maji. Karatasi zisizotumika zifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Unyevu ukila gundi yake, ile inayozuia karatasi kunywa rangi ovyo, rangi itanywewa kwa madoa, na hapo haitengenezeki tena.

Mwanga wa jini usiuchore. Acha weupe wa karatasi, halafu uwashe kwenye kompyuta.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, na zima marekebisho ya kujiendesha, maana hufuta rangi nyepesi, na ukungu wote wa msitu wa Ngezi, kule Pemba, unapotea. Kwenye Krita, programu ya kuchora ambayo ni ya bure, fungua viwango vya mwanga, sogeza upande wa weupe taratibu, usimame kabla rangi hafifu hazijatoweka. Mwanga uweke kwenye tabaka lake, kwa brashi laini.

Chapa inataka nukta 300 kwa saizi halisi. Feruzi ya bahari hufifia kwa wino nne za mtambo, basi dai nakala ya majaribio kwanza.