Piper Cub ya mita 2.7: jinsi nilivyoirusha mara ya kwanza Narok

Ushauri nilioupata mara nyingi kuliko mwingine wowote kuhusu ndege hii ya mfano, ya kuongozwa kwa rimoti, ulikuwa huu: "Iwashe tu, Cub inaruka yenyewe." Wanaosema hivyo wamezoea ndege za povu za kilo moja. Hii ni Piper J-3 Cub ya kipimo cha robo ya ndege halisi, niliyoiunda kwa mbao za balsa na plaiwudi: mabawa mita 2.7 ncha hadi ncha, kilo 8 bila mafuta, injini ya petroli ya cc 30. Ikikosea njia inaua mtu.

Tena Narok si Mombasa. Kwenye mashamba ya ngano ya huku, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 16, na jua likiwaka inazidi kupungua. Kwa hesabu zangu, bawa ambalo pwani lingeacha kubeba kwenye kilomita 36 kwa saa, huku linaacha kwenye 40. Injini nayo inapoteza nguvu. Kwa hiyo propela ya inchi 18 kwa 8 (kipenyo, kisha umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja) niliitoa nikafunga ya 19 kwa 8, na kurusha nikakupanga alfajiri. Propela za mbao za ukubwa huo ni elfu kadhaa kila moja, nunua mbili.

Niliambiwa pia mrija wowote wa silikoni unafaa kwa tangi. Haufai. Kata kipande, kitumbukize kwenye chupa ya petroli usiku kucha: asubuhi kimevimba na kinachanika kwa kucha. Tumia mrija wa petroli, hata ule wa ndani ya tangi unaobeba kichujio, maana huo ukilegea hutauona.

Jaribio lililookoa ndege hii ni la kuinua pua. Skrubu za kabureta, zinazopima petroli inayoingia, zikiachwa zilivyopangwa kwa usawa wa bahari, huku injini inakunywa petroli nyingi mno na kutoa moshi, basi kila mtu anakwambia kaza, kaza. Nilikaza mpaka injini ikalia vizuri kabisa ndege ikiwa imesimama chini. Halafu watu wawili wakaishika kwa nyuma ya mabawa, wakainua pua nyuzi 60 hivi, injini ikiwa kwenye kasi yote. Sekunde chache, mlio ukashuka, ikazima. Pua ikiwa juu, petroli inapanda kutoka tangini kwenda kabureta, na mchanganyiko ambao tayari una petroli kidogo kwa hewa unazidi kukauka. Ingekuwa hewani, ingezima ikipanda, chini ya kimo cha miti, pasipo nafasi ya kugeuza. Nilifungua skrubu ya mwendo wa juu sehemu ya nane ya mzunguko, tukainua tena, nikafungua kidogo tena. Chini mlio ulipungua kidogo, lakini pua juu haikuyumba kwa sekunde kumi nzima. Mlio mtamu wa ardhini usikudanganye.

Kitovu cha uzito nilikiweka sentimita 11 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, ambalo upana wake ni sentimita 40. Pima tangi likiwa tupu, kwa sababu tangi liko mbele na mafuta yakiisha mkia unazidi kuwa mzito. Pua ya Cub ni fupi. Ili iwe nzito, betri zote mbili zilikwenda chini ya injini. Anayekushauri uongeze uzito mkiani ili inyanyuke upesi, mwache arushe yake.

Rimoti niliijaribu kwa nguvu ndogo, hatua 30, injini ikiwaka. Mawasiliano yakikatika, risiva, yaani kipokezi kilicho ndani ya ndege, inazima injini. Kibali na ruhusa ya mwenye shamba tafuta mapema.

Kupaa: eleveta (kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) juu kidogo mwanzoni ili mkia ukae chini, mafuta ukiyaongeza polepole, usukani wa mkia kulia kwa sababu pua inavutwa kushoto. Mkia ukiinuka wenyewe, legeza eleveta, iache ikimbie. Ilihitaji mwendo mrefu kuliko vitabu vinavyosema, nami sikuilazimisha. Kona za Cub ni za usukani na eleroni (vibawa vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande) pamoja. Ukitumia eleroni peke yake pua inakwenda upande usiotaka. Eleroni zangu zinapanda mara mbili ya zinavyoshuka, na hilo linasaidia sana.

Kwenye mita 80 nilirekebisha trimu (marekebisho madogo ya rimoti ili iruke sawa bila kushikiwa), kisha nikapunguza mafuta na kuvuta eleveta taratibu mpaka bawa likaacha kubeba. Pua ilishuka moja kwa moja mbele, hakuna bawa lililozama upande. Ncha za mabawa nilizipinda nyuzi 2 wakati wa kuzifunika, ili ziwe za mwisho kuacha kubeba, na hapa ndipo kazi ile ilipolipa. Usitue kabla ya kulijua hilo.

Kutua niliacha injini ikivuta kidogo hadi magurudumu yakagusa. Huku ndege inaonekana inakuja kasi mno. Tazama pua, usiamini macho yako kuhusu mwendo. Baada ya dakika sita za hewani, skrubu za propela zilikuwa zimelegea kidogo, mbao ikiwa imebanwa. Nilizikaza upya, nikahamishia trimu kwenye fito za eleveta, nikajaza petroli.