Jinsi nilivyojifunza kuyasoma majumba ya Kildare

Nilipohamia Maynooth, katika kaunti ya Kildare nchini Ireland, majumba ya karne ya 18 yalinichanganya. Yote niliyaona mawe ya kijivu na madirisha mengi, basi. Nilianza kuyaelewa nilipoacha kukimbilia ndani, nikawa nakaa kwanza nje na kuhesabu.

Zoezi nililifanyia Castletown, mjini Celbridge. Madirisha ya ghorofa moja ni 13, yamepangwa kwa nafasi sawasawa, na ya juu kabisa ni mafupi kuliko ya chini yake. Huku na huku baraza zenye nguzo zinapinda hadi kwenye majengo mawili ya pembeni. Sura ya mbele ilichorwa na Mtaliano, Alessandro Galilei, aliyeondoka Ireland kabla ujenzi haujaanza mwaka 1722. Baraza ni kazi ya Edward Lovett Pearce.

Ndani nikaanza kuuliza kipi kilikuja lini. Mwenye nyumba, William Conolly, Spika wa Bunge la Ireland, alifariki 1729 kabla ndani hakujakamilika. Ngazi kuu ya mawe, ambayo vidato vyake vimeshikwa na ukuta upande mmoja tu, iliwekwa 1759, enzi za Louisa Conolly, mke wa mrithi wa jumba. Jumba lote lile, miaka 30 bila ngazi kuu!

Dari ndizo zilizonifundisha zaidi. Louisa alilelewa na dada yake Emily kwenye jumba la Carton, nje kidogo ya Maynooth, na ndugu wawili Lafranchini walitia nakshi za plasta sebuleni humo mwaka 1739: miungu ya kale, miili mizima, imejaa dari. Miaka 20 baadaye Filippo Lafranchini akapamba ukumbi wa ngazi wa Castletown, na mkono wake umekuwa mwepesi, maua na mikunjo, pamoja na sura za watu wa familia. Ukizitazama zote mbili, utaanza kukisia umri wa dari nyingine.

Ila jengo ninalolipenda kuliko yote halina chumba cha kuishi. Ni matao ya Conolly Folly, yenye kimo cha mita 42 hivi. Baridi kali ilipoua viazi na njaa ikaingia, Katherine, mjane wa Conolly, aliyajengesha mwaka 1740 ili watu wapate kibarua. Wageni wangu nawapeleka huko kwanza, Castletown baadaye.