Manoa Akamfuata Mkewe

Tafakari ya wiki. Somo: Waamuzi 13:2–14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naomba tuzungumze jambo ambalo kanisani huwa tunalipita, na tukiligusa ni kwa kukemea: mama mjamzito anayevuta sigara, anayetamani kuacha na anashindwa. Najua kuna atakayesema, "Kwetu hakuna." Ni kweli kwamba hapa Tanzania wanawake wanaovuta ni wachache sana ukilinganisha na wanaume, na wengine wanaotumia tumbaku hawaivuti kabisa, wanabwia ugoro au wanaunusa. Lakini uchache huo ndio unaomfanya huyo mmoja ajifiche zaidi. Mwanamume akivuta nje ya baa, ni mvutaji tu. Mwanamke akionekana na sigara, tena ana tumbo, mtaa umeshamhukumu kabla hajafika kwenye kichungi.

Kwa hiyo anajifunza kuficha. Hanunui kwa Mangi wa mtaani kwake; anavuka mitaa miwili kununua moja moja. Anavutia kwenye choo cha nje usiku, au nyuma ya banda la kuku wenzake wakiwa wamekwenda kwenye jumuiya. Ana kanga ya kazi hiyo, asiyoivaa mahali pengine. Akimaliza anasugua vidole kwa limau, anatafuna karafuu mbili tatu, anarudi jikoni kuangalia maharage. Dada huyu anaweza kuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Anaweza kuwa ndiye aliyesoma somo Jumapili iliyopita.

Sasa tumwangalie mke wa Manoa, ambaye Biblia haikutuachia hata jina lake. Na tuelewane mapema: andiko hili halizungumzii tumbaku. Tumbaku asili yake ni bara la Amerika, na siku za waamuzi hakuna mtu wa Sora, mji wa Manoa, aliyewahi kuiona. Hata katazo la divai na kileo alilopewa mama huyu lilihusu unadhiri wa Samsoni, mtoto wake aliyewekwa wakfu kwa Mungu tangu tumboni. Halikuwa somo la kliniki. Anayelichukua andiko hili akaenda kumchapa nalo mjamzito amelisoma vibaya. Mimi nalileta kwa sababu ya namna ujumbe ule ulivyofika, na nani walioupokea.

Malaika anaanza kwa kumwonyesha huyu mama kwamba anaijua hali yake: u tasa, hujazaa. Kisha anampa ahadi, kwamba atachukua mimba na kuzaa mtoto mwanamume. Ndipo linapokuja neno la kujihadhari. Sisi tunaanzia mwisho. Tunaanza na "huoni aibu?" na tukifika kwenye ahadi, kama tunafika, mtu ameshaondoka.

Mama akaenda kumwambia mumewe, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu wiki hii. Manoa hakusema, "Umesikia ulivyoambiwa, basi ufuate." Alimwomba Mungu amtume tena yule mtu awafundishe, wote wawili, watakachomtendea mtoto atakayezaliwa. Mungu akasikia. Lakini malaika alipokuja mara ya pili hakumtokea Manoa aliyeomba. Alimtokea tena yule mama, shambani, mumewe hayupo. Mama akapiga mbio kumwita. Na Biblia inasema Manoa akaondoka, akamfuata mkewe. Katika nyumba za zamani zile, na za siku hizi pia, mume kumfuata mke nyuma ili akafundishwe si jambo dogo.

Alipofika hakuambiwa jipya. Ni yale yale: asinywe divai, asile najisi, ayaangalie yote niliyomwamuru. Tofauti ni kwamba sasa yameingia masikioni mwa watu wawili. Biblia haisemi kama Manoa naye aliacha divai. Ila mtu aliyekwenda kuyasikia mwenyewe, nashindwa kumwona jioni ile akijimiminia kikombe mbele ya mkewe.

Tuna waume wangapi wanaosema "acha hiyo kitu, unamuumiza mwanangu" huku pakiti imetuna kwenye mfuko wa shati? Moshi wa baba anayevuta sebuleni humfikia mtoto aliye tumboni kupitia pumzi za mama. Na anayejaribu kuacha huku mwenzake anawasha pembeni yake anapigana vita mbili.

Naomba niseme kinachotokea mwilini, kwa sababu wengi tunakemea bila kujua tunakemea nini. Moshi wa sigara una hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, na damu ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu kuliko damu ya mama yake. Nikotini nayo inavuka kondo la nyuma, na inabana mishipa inayompelekea mtoto chakula na hewa. Watoto wa mama wavutaji huzaliwa wakiwa pungufu, kwa wastani, takriban gramu 200. Hatari ya kuzaa njiti inaongezeka, ya mtoto kufia tumboni pia, na ya kondo kubanduka kabla ya wakati. Hata baada ya kuzaliwa, mtoto huyo yuko kwenye hatari zaidi ya kufa ghafla usingizini.

Kuna wanaoambiana kwamba mtoto mdogo ni nafuu, atatoka kirahisi. Waulizeni manesi wa wodi ya watoto njiti. Mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta ya kumtunzia joto, hana nguvu za kunyonya, na mama yake anashinda na kulala naye kifuani, ngozi kwa ngozi. Kuna na wengine wanaosema kuacha ghafla kunamshtua mtoto, afadhali aendelee kidogo kidogo. Hilo si kweli. Mtoto hadhuriki kwa mama kuacha. Ndani ya siku moja tu baada ya sigara ya mwisho ile sumu ya moshi inakuwa imeshuka sana kwenye damu ya mama, na mtoto anapata hewa zaidi. Anayeacha miezi mitatu ya mwanzo anamsaidia mtoto zaidi, lakini hata aliye mwezi wa saba hajachelewa. Na shisha msidanganyike kwamba ni harufu ya matunda tu: ina mkaa juu, na mkaa ndio mama wa hewa ile niliyoitaja.

Basi kama anajua yote haya, kwa nini haachi? Paulo alishalisema kwa niaba yake: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo" (Warumi 7:19). Na kuna jambo ambalo naona lingetufunga midomo wengi kama tungelijua. Mwili wa mjamzito huisafisha nikotini haraka kuliko wa mtu asiye na mimba. Maana yake arosto, yale mateso ya mwili unapoikosa nikotini, inarudi upesi zaidi. Alipokuwa hana mimba aliweza kukaa saa kadhaa. Sasa hata saa moja ni shida, mikono inatetemeka, anamfokea mtoto mkubwa bila sababu, na kichefuchefu cha mimba kimo humo humo. Tunamwangalia tunasema hana mapenzi na mtoto wake. Huyo anapanda mlima uliozidi kuwa mkali wakati yeye ana mzigo.

Sipingi maombezi. Wako watu walioombewa jioni moja na hawakugusa tena sigara, na sina ugomvi na ushuhuda wao. Lakini nimeona pia tunavyowafanyia wengine: analetwa mbele, anakemewa pepo wa sigara kwa sauti kubwa, anatoa ushuhuda wiki inayofuata, kisha anarudia. Safari hii hawezi tena kuja kwetu, maana ameshatangazwa amefunguliwa. Anabaki na sigara na uongo, vyote viwili. Mimi nadhani ushuhuda ungesubiri.

Mariamu alipokwenda kwa Elisabeti mjamzito hakupita kumsalimu akaondoka. "Mariamu akakaa naye kadiri ya miezi mitatu" (Luka 1:56). Miezi mitatu, katika nyumba ya mama mtu mzima aliyekuwa amejitawisha, na ambaye mume wake hakuweza kusema neno. Luka hatuelezi walifanya nini siku zote hizo. Nadhani walichota maji, wakachambua nafaka, wakazungumza. Anayeacha sigara anahitaji mtu wa namna hiyo kuliko anavyohitaji mhubiri. Siku za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, na kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne mwili unatulia. Wiki hizo dada mmoja anaweza kwenda kwake asubuhi wakamenye mihogo pamoja, mwingine akampigia simu saa ile ya baada ya chakula cha usiku ambayo wavutaji wote wanaijua.

Hamu yenyewe ikipanda haidumu. Ni dakika chache, kisha inashuka, hata kama hukuvuta. Hapo inafaa kuwa na kitu cha kushika na cha kusema. Kunywa maji kidogo kidogo, tafuna karoti au kipande cha tangawizi, toka uende kwa jirani. Na Zaburi ya 121 ukiisoma polepole, mara mbili au tatu, inatosha kabisa kuzivuka dakika zile: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Ukianguka ukavuta moja, usimalize pakiti kwa sababu siku imeshaharibika. Anza tena hapo hapo.

Na uende kliniki useme. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wajawazito wote waulizwe kuhusu tumbaku, mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio. Tatizo letu ni benchi. Mnakaa mmebanana na kadi mkononi, nesi anauliza maswali na aliye nyuma yako anasikia kila jibu. Nani atasema "navuta" hapo? Kama swali limekukuta kwenye benchi, mwombe nesi muongee pembeni. Ni haki yako. Bidhaa za nikotini za kusaidia kuacha, kama za kubandika au kutafuna, usijinunulie mwenyewe dukani ukiwa na mimba, daktari aamue. Ushauri wa ana kwa ana ndio wa kwanza. Na nyinyi akina baba mnaokwenda hudhurio la kwanza kwa sababu ya kipimo cha VVU kisha mnaaga, kaeni. Manoa alikaa mpaka akasikia yote.

Niwakumbuke pia ndugu zetu wa Tabora na Urambo, ambao ada za watoto zinatoka kwenye zao hili. Siwezi kukaa hapa nikamlaumu mkulima. Ila mjue kwamba jani bichi la tumbaku likiwa na umande au mvua linapitisha nikotini kwenye ngozi, na anayelichuma au kulifunga anaweza kupata kichwa, kizunguzungu na kutapika. Mjamzito anayefunga tumbaku mbichi anaweza kuwa hajawahi kuwasha sigara maishani mwake, na nikotini bado ikamfikia. Kwenye familia hizo kazi hiyo ingechukuliwa na wengine hadi ajifungue, kama inavyowezekana.

Jambo la mwisho ni lile ambalo watu husahau kwa furaha ya mtoto. Wengi walioacha wakiwa na mimba hurudia baada ya kujifungua. Walikuwa wameacha kwa ajili ya tumbo, na sasa tumbo halipo. Usingizi hakuna, mtoto analia, mume amerudi kwenye pakiti yake, na wageni waliokuwa wanaleta mtori wameacha kuja. Mtoto bado anaupata moshi kwenye nguo na pumzi za mama, na nikotini kwenye maziwa. Lakini akirudia asiache kunyonyesha kwa aibu. Aendelee kunyonyesha na aendelee kujaribu, na asivute karibu na mtoto. Umoja wa kina mama mnapopanga zamu za kumtembelea mzazi, huwa mnaishia arobaini. Kwa dada mnayejua alikuwa anapigana na sigara, msifute jina lake siku hiyo. Mwendeleeni hadi mtoto aanze kutambaa, na mkifika msinuse kanga yake.