Ijumaa ya gundi

Saa 11:30 alfajiri. Nawasha gari. Huu ni mwaka wangu wa sita kupeleka watoto shule hapa Tanga, na wa kwanza huwa namchukua Chuda.

Saa 12:40. Tumepanda tuta la Makorora, kioo cha ndani kikanidondokea mapajani. Watoto wanacheka, mimi moyo unanidunda. Kile ndicho kinachonionyesha nani kafungua mkanda na nani kamlalia mwenzake. Nilisimama pembeni, nikawahesabu, tukaenda polepole.

Saa 3 nipo dukani. "Dada, chukua supa gluu, bei rahisi."

"Hapana kaka yangu. Mwaka jana niliipaka, hata mwezi haukuisha."

Supa gluu ikikauka inakuwa ngumu lakini haina uvumilivu. Jua likichemsha kioo cha mbele na gari likipita kwenye mashimo, inaachia. Nimenunua gundi maalumu ya vioo vya gari, yenye dawa yake ya kuiamsha.

Saa 4. Gari lipo chini ya mwembe ili kioo cha mbele kipoe. Kwa nje nabandika tepu kuonyesha kilipokuwa kitako, kile kinachoshikilia kioo cha ndani. Kwa ndani nakwangua gundi kuukuu kwa wembe. Kazi yenyewe ndiyo hii. Kitako ni kipande cha chuma, kikubwa kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Nakipiga msasa mpaka king'ae, kisha spiriti, chuma na kioo vyote. Nimekigusa kwa kidole bila kukusudia, basi nafuta tena, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu.

Saa 5. Dawa kidogo, nasubiri ikauke. Tone moja la gundi. Naangalia kitako kisigeuke juu chini, nakandamiza, nahesabu hadi sitini.

Saa 8:30 mchana. Narudisha watoto kwa saiti mira tu, kila kituo nageuka kuwahesabu.

"Anti, mbona hujakiweka?"

"Kesho, mwanangu. Gundi haijakomaa."

Saa 2 usiku. Namulika kwa tochi: kitako kimetulia, nyuma yake hakuna hata kiputo kimoja. Kioo cha ndani kipo juu ya kabati, nimekiviringisha kwenye kanga. Kijana wangu alitaka akifunge leo leo, nikamficha ufunguo wa skrubu. Kesho saa 5 asubuhi zitatimia saa 24. Nitaikaza mwenyewe, kwa mkono mwepesi, kwa sababu nguvu zikizidi pale kinapasuka kioo cha mbele chote.