Makopo Manne

Jumanne ya tarehe 20 Desemba 2011, siku kumi na moja tu baada ya nchi kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, niliamka nikakuta maji yametanda ua mzima wa nyumba niliyokuwa nimepanga Magomeni, Dar es Salaam. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mvua ambayo baadaye tuliambiwa kwamba mfano wake haujaonekana jijini tangu 1954. Umeme ulikuwa umekatika. Gunia la mkaa tulilohifadhi sisi wapangaji chini ya bati la jikoni lilikuwa limelowa hadi chini, na jiko langu la mchina halikuwa na hata tone la mafuta ya taa. Kwa kuwa Barabara ya Morogoro haikupitika pale Jangwani, Kariakoo, ambako siku nyingine ningefika kwa miguu, ilikuwa kama ipo ng'ambo ya bahari.

Chumbani nilikuwa na makopo manne: mawili ya sadini, moja la maharage yenye mchuzi wa nyanya na moja la nyama ya ng'ombe. Nilikuwa nimeyanunua kwa ajili ya safari ya Krismasi kwenda Songea, maana sikuamini chakula cha njiani. Hadi saa nne asubuhi njaa ilikuwa imenishinda. Nilifunga mlango, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikavuta kipete cha kopo la sadini na kuanza kula kwa kijiko, mafuta yakinichuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Kilichonifanya nijifungie ni aibu ya ubaridi. Nililelewa nikijua kwamba chakula kisicho na moshi ni kiporo, na kiporo huliwa na mwenye nyumba asubuhi kabla watu hawajaamka. Sikukumbuka kwamba katika nyumba ile milango ya vyumba mchana huachwa wazi, pazia tu likateremshwa, hivyo mlango uliofungwa ulikuwa tangazo tosha. Na harufu ya sadini haihitaji mlango.

"Hodi! Mwanangu, u mzima humo ndani?" Alikuwa mama mwenye nyumba. Nilifungua nikiwa bado na kijiko mkononi. Alitazama kopo, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeona jambo la kumsikitisha: "Unakula kwenye kopo?"

Ubaridi hakuutaja kabisa. Nilihitaji kitambo kidogo kuelewa. Katika nyumba ile kopo lilikuwa na kazi moja, ile ya kuchota maji kwenye pipa na kuingia nayo chooni, na mtu mzima aliyelikumbatia kopo na kula ndani yake, tena peke yake, huku nje kuna watu, alikuwa amekosea mara mbili.

Watu nje walikuwepo kweli. Barazani alikuwa ameketi mama mmoja na watoto watatu waliopanda kutoka bondeni, nyumba yao ikiwa imeingia maji usiku, pamoja na wazee wawili wa jirani. Mama mwenye nyumba alichukua makopo yote, akaniagiza niyafungue. La maharage halikuwa na kipete, nami sikuwa na kifungulio, kwa hiyo nililitoboa kwa ncha ya kisu nikikigonga kwa mchi wa kinu. (Sikuwa wa kwanza: hataza ya kopo la bati ilitolewa Uingereza mwaka 1810, lakini vifungulio vilikuja miongo kadhaa baadaye, na katikati hapo watu walitumia patasi na nyundo.) Yeye alimimina sadini kwenye sinia, akakatia vitunguu na pilipili, akakamulia ndimu mbili. Maharage akayaweka kwenye bakuli la udongo. Kijana mmoja alitumwa dukani akaleta boflo tatu.

Kopo la nyama alilishika muda mrefu zaidi. "Hii imechinjwa na nani?" aliuliza. Hakuna aliyeweza kujibu, nami sikuwa na la kusema, basi akanirudishia bila maneno mengi.

Tulinawa, akasema karibuni, kisha akaongeza kwa wageni: "Mtuwie radhi, hakikupata moto." Mzee mmoja aliitikia starehe na hakusogea. Mwenzake, ambaye alitumia ujana wake kiwandani Tanganyika Packers, Kawe, walikokuwa wakitengeneza nyama ya kopo, alicheka. Alieleza kwamba chakula cha kopo hufungwa kwanza ndipo kikapikwa, kikiwa ndani ya bati lake, kwa mvuke wenye msukumo unaopandisha joto kupita lile la maji yanayochemka. Kwa vyakula kama nyama na samaki, nilikuja kusoma, hufika takriban nyuzi 121 za Selsiasi. "Moto kilishaupata kabla yako," alisema. Aligonga kwa ukucha kifuniko cha kopo langu la nyama, akasikiliza. Kopo lililovimba, alisema, usilionje hata kwa ulimi, litupe. Na lililofunguliwa, kinachobaki kihamishie chombo kingine, na kama huna friji kiishe siku hiyo hiyo.

Hakikubaki kitu. Mzee wa starehe alisogea kimyakimya sadini zilipofika nusu, na nikiri kwamba kwa ndimu na pilipili zilikuwa tamu kuliko nilizozila kitandani. Watoto walipenda maharage zaidi, kwa sababu mchuzi wake una sukari. Mdogo wao alipangusa bakuli kwa ganda la boflo hadi maua yaliyochorwa chini yakaonekana yote. Mama yao alikula kidogo, akitazama kila mara upande wa bondeni.

Jioni maji yalipopungua uani nilikwenda chooni. Kando ya pipa palikuwa na kopo jipya, limeoshwa vizuri, makali ya mdomo wake yamepondwa kwa jiwe lisije likamkata mtu, na karatasi yenye picha ya maharage ikiwa bado imeng'ang'ania upande mmoja.