Nilivyochagua baiskeli ya kukunja ya kwenda nayo kazini kutoka Kigamboni

Nakaa Kigamboni, kazi nafanyia Upanga. Anayepita njia hiyo anajua kwamba tatizo si umbali. Kutoka nyumbani hadi Feri ni kilomita nne hivi, pantoni ikishang'oa inavuka kwa dakika chache, na ng'ambo ya pili kutoka Kivukoni hadi ofisini kwetu ni kilomita tatu na ushei. Muda unaliwa na vile vipande vya katikati: kungoja daladala ijae, kungoja kivuko, kungoja tena kwa sababu meli kubwa inaingia bandarini na pantoni lazima iipishe, halafu kugombania gari upande wa mjini na kukaa kwenye foleni. Siku ikiharibika, safari isiyofika kilomita kumi inameza saa mbili. Bodaboda pande zote mbili inamaliza kazi haraka, ila ukija kupiga hesabu mwisho wa mwezi unashika kichwa.

Baiskeli ya kawaida niliifikiria kwanza, na kwa mtu mwenye ua wake na sehemu ya kuifungia kazini bado nasema ndiyo bora. Mimi nimepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Kitu chenye magurudumu mawili kikilala nje, mimi silali. Ofisini tuko ghorofa ya tatu, na mlinzi wa getini alishaniambia wazi hawezi kubeba dhamana ya baiskeli ya mtu. Halafu kuna pantoni yenyewe. Asubuhi mlango ukishushwa watu wanatoka kwa pamoja kama maji, na baiskeli nzima katikati yao inagonga watu ugoko. Ndipo nikaanza kutafuta ya kukunja.

Nilianza na majina, maana ukiuliza kuhusu baiskeli za kukunja jibu la kwanza ni Brompton ya Uingereza. Ni kitu kizuri kweli. Ikikunjwa ina urefu wa sentimita 58 hivi na upana wa 27, inaingia chini ya meza, na uzito wake ni kilo 11 au 12. Niliiweka pembeni kwa sababu mbili. Bei yake huko kwao ni zaidi ya paundi 800 kabla ya usafiri na ushuru. Na tairi lake ni la inchi 16 la kipimo cha 349 (ndizo milimita za kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa), ambacho sijawahi kukiona kimening'inia kwenye duka lolote la vipuri Dar.

Hilo la tairi nilifundishwa na mzee anayetengeneza baiskeli mtaani kwetu, chini ya mwarobaini. Nilimwendea kumuuliza ipi ni nzuri. Akafuta mikono, akaniambia, "Mwanangu, mimi jina silijui. Niletee namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, nikuambie kama nitaweza kukuhudumia."

Shikeni mahali hapo, maana ndiyo roho ya jambo lote. Matairi mawili yanaweza kuitwa yote inchi 20 na yasiingiliane kabisa. Ubavuni kuna namba za aina mbili. Zikiwa 47-406, au maandishi 20 x 1.75, hilo ni tairi lilelile la BMX na la baiskeli nyingi za watoto. Utalipata Kariakoo, utalipata Mbagala, tyubu yake hata duka la vifaa la mtaani wanayo. Ikiwa ni 451, mara nyingi imeandikwa 20 x 1 3/8, rimu yake ni kubwa zaidi na tairi la 406 haliingii. Zote mbili zinakuja kutoka Japani na kwa macho huwezi kuzitofautisha ukiwa umesimama. Inama, futa vumbi, soma.

Valvu nayo aliniambia niiangalie. Baiskeli nyingi za Kijapani zina valvu ileile ya Phoenix, ambayo pampu ya fundi yeyote wa barabarani inaijaza. Nyingine zina ya kigari, unajaza hata kituo cha mafuta. Ile nyembamba ya baiskeli za mashindano ndiyo itakusumbua.

Kariakoo nilikuta mpya za kutoka China, za inchi 16, zinang'aa, rangi zote. Nilipanda moja nikazunguka nayo uchochoroni. Unakanyaga sana, unasogea kidogo. Kuna hesabu rahisi ya kulijua hilo hata bila kupanda: hesabu meno ya gia ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa tairi. Ile ilikuwa na meno 36 mbele na 16 nyuma, na mzingo wa tairi la inchi 16 ni mita 1.2 hivi. Jibu ni mita 2.7 kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Phoenix ya inchi 28 inakupeleka mita 5 na zaidi. Kwa mtoto wa shule ni sawa. Kwa mtu anayetaka kufika kazini bila kulowa jasho, hapana.

Nikageukia mtumba wa Japani. Hapo nilikwenda na vitu viwili kwenye mkoba: kitambaa cha kufutia na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Sumaku ikinasa kwenye fremu, hiyo ni chuma. Isiponasa, ni aluminiamu. Kwa sisi tunaovuka maji ya chumvi kila siku, ni jambo kubwa. Chuma si kibaya, ni kigumu na fundi anaweza kukichomelea, lakini kikishachunwa rangi karibu na bawaba, upepo wa bahari unakila kimyakimya. Nilizikuta fremu zenye rangi nzuri juu na kutu chini ya mkunjo, mahali ambapo mnunuzi hapatazami. Vilevile nilitafuta stika ndogo ya BAA, alama ya usalama ya chama cha watengenezaji wa baiskeli cha Japani iliyoanza mwaka 2004. Kuwepo kwake hakumaanishi baiskeli bado ni nzima, ila kunakuambia ilipozaliwa ilipimwa.

Muuzaji alikuwa kijana mvumilivu. Aliponiona nimepiga magoti naangaza tochi ya simu kwenye bawaba akasema, "Dada, wewe siyo mnunuzi, wewe mkaguzi." Nikamwambia, "Kaka yangu, hapa ndipo shingo yangu ilipo." Na ndivyo ilivyo. Baiskeli ya kawaida ina fremu moja. Ya kukunja ina fremu iliyokatwa katikati ikaunganishwa kwa bawaba na komeo. Usukani nao una bawaba yake. Kikiachia kimoja kati ya hivyo kwenye mteremko, huna cha kushika.

Kwa hiyo nilizikagua hivi, moja baada ya nyingine. Nafungua bawaba ya katikati, nafuta grisi ya zamani kwa kitambaa, natazama mishono ya kuchomelea pande zote mbili nikitafuta ufa mwembamba kama unywele, na natazama kama nyuso mbili zinazokutana zimekaa sambamba au upande mmoja umelika. Kisha nafunga. Mkono wa komeo unatakiwa uanze kukaza ukiwa nusu ya njia, umalizie kwa nguvu ya kiganja; ukifunga laini kama mlango wa kabati, umelegea. Lazima pia kuwe na kifungo cha pili cha usalama kinachouzuia mkono huo kufunguka wenyewe. Baada ya hapo naegemeza gurudumu la mbele ukutani, nabana breki ya mbele, naweka kidole kwenye maungio huku nasukuma baiskeli mbele na nyuma. Kidole kinahisi mchezo ambao jicho halioni. Narudia hivyohivyo kwenye shina la usukani. Nyingi zilianguka hapo. Moja ya aluminiamu, nyepesi, nzuri ajabu, ilikuwa inatikisika usukani hata baada ya muuzaji kukaza nati. Niliiacha ingawa moyo ulikuwa umeshaipenda.

Bomba la siti nalo lina mstari wa mwisho, umechorwa kulizunguka. Mstari huo haupaswi kuonekana nje. Mimi ni mrefu, na baiskeli kadhaa zilikataa hapo: nikipandisha siti goti likae vizuri, mstari unatoka. Bomba likivutwa kupita pale linapinda au linapasua fremu.

Niliyoichukua ni ya inchi 20, tairi 406, fremu ya aluminiamu, gia sita, kava ya cheni, madigadi kamili na keria. Ina kilo 13, nilipimia kwenye mizani ya muuza mkaa. Gia yake nzito ni meno 46 kwa 14, kwa hiyo inanipeleka karibu mita 5 kwa mzunguko, na ile nyepesi ni mita 2 na nusu. Nilitoa shilingi 230,000, nikaongeza kidogo kwa waya mpya za breki na tairi la nyuma. Palikuwa na nyingine yenye gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, safi zaidi kwa mchanga wa kwetu, kwani kwenye gia za nje kile kimkono cha kuhamisha cheni kwenye gurudumu dogo kinakaa karibu sana na ardhi. Mzee wa mwarobaini ndiye aliyenielekeza niiache. "Hiyo ya ndani ikigoma, mimi nitakuangalia tu mwanangu."

Kina dada watanisikia hapa: fremu nyingi za kukunja ziko chini, hazina bomba la juu. Unapanda na gauni lako au dira bila kurusha mguu. Na kava ya cheni isiachwe dukani kwa sababu ya kupunguza bei. Pindo la gauni likiingia kwenye cheni pale kwenye mzunguko wa Feri, gari zipo nyuma yako.

Sasa inavyofanya kazi. Nyumbani naitoa chumbani imekunjwa. Naendesha hadi Feri. Kwenye foleni ya kuingia nashusha siti, nalaza usukani, nafungua bawaba, nazungushia mpira wa kufungia mizigo, ule wa bodaboda uliokatwa kutoka tyubu, ili isifunguke mkononi. Kwenye pantoni inakaa mbele ya miguu yangu pembeni mwa reli. Siti niliyoishusha hadi chini inakuwa mguu wa tatu, inasimama. Ng'ambo naifungua nikiwa nimeshatoka kwenye kundi la watu, napita Soko la Samaki na kufuata barabara ya baharini kuelekea Hospitali ya Ocean Road hadi upande wa Aga Khan. Anayekwenda Oysterbay au Masaki anaweza kuendelea kwa Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na lina njia za pembeni za waenda kwa miguu.

Njia hiyo ni tambarare, na watu huniuliza gia sita za nini. Ni za upepo. Wakati wa kusi unasukumwa mgongoni asubuhi kama umewekewa injini, jioni unalipa deni lote ukirudi Feri. Kaskazi ikishika, inageuka. Bila gia nyepesi jioni zile ningesukuma kwa mkono.

Mvua ndiyo iliyonithibitishia kwamba kukunja si pambo. Masika, wingu likifunga, nasimamisha bajaji, baiskeli inalala miguuni kwangu, safari inaendelea. Konda wa daladala naye huikubali nje ya saa za msongamano, mradi iwe imefungwa kwenye mfuko mkubwa wa salfeti. Akiona cheni yenye mafuta anawaza nguo za abiria, na ana haki.

Gurudumu dogo lina adabu yake. Shimo ambalo Phoenix inalipita, hili linatumbukia. Siendeshi usiku mahali nisipopajua, na kwenye mchanga mzito wa vichochoro vyetu nashuka. Upepo wa matairi naujaza vizuri lakini si hadi mwisho wa kipimo, maana tairi pana kama lile linahitaji kunesa kidogo.

Chumvi ndiyo kazi ya kudumu. Kila jioni kitambaa kikavu kwenye cheni na bawaba. Kila wiki mafuta mepesi kwenye cheni, grisi kidogo kwenye pini za bawaba na kwenye bomba la siti, kwani bomba la aluminiamu likiachwa miezi bila kuvutwa linagandana na fremu moja kwa moja. Na kila Jumapili narudia jaribio la ukuta na kidole. Komeo likilegea, kuna nati ndogo ya kulikaza. Robo mzunguko inatosha.

Jirani yangu ni muuguzi na anavuka kama mimi. Ameanza kutafuta yake. Juzi tulipata moja nyekundu, bawaba ngumu, fremu haina ufa, bei nzuri kuliko yangu. Nikainama na kitambaa: 451. Muuzaji akaapa tairi zipo. Tukamwomba atuonyeshe hata moja, akaenda duka la tatu, la nne, akarudi mikono mitupu. Tumemwachia namba ya simu atupigie akipata ya 406.