Nyumba ipi?

Jumatano, saa tano usiku na ushee, na usingizi umegoma tena. Bibi yuko chumba cha pili, jicho la kushoto limewekewa kile kifuniko cha plastiki na plasta, anakoroma kama mtu asiyedaiwa. Ninayehangaika ni mimi, kwa maneno matatu niliyoyaandika kwenye fomu.

Operesheni yenyewe ilienda salama Jumatatu. Mtoto wa jicho katolewa, bandeji ikafunguliwa jana, sasa ni matone tu. Mdogo wangu naye kaletewa barua ya posa, na maji yalijaa Jangwani mpaka tukazunguka mji mzima kufika hospitali. Posa itasubiri siku yake.

Fomu sasa. Mimi ninayewasumbua watu mapokezini kila siku, "kaka, usiache wazi hapo," nilipewa ya Bibi nikaijaza kwa mwendo wa kazini. Jina. (Sitaliandika hapa, alishanikataza: "Jina langu si la kwenye simu.") Mwaka wa kuzaliwa, 1940, ndivyo kitambulisho kinavyosema. Mwenyewe husema tu kwamba alizaliwa kule Rungwe wakati Wajerumani wa misheni wanachukuliwa kwa sababu ya vita ya Hitla. Dini, Mkristo. Kazi, nikaandika: mama wa nyumbani.

Kwa lile wingu la machoni hawezi kusoma, akaniuliza, "Hapo umeandika nini?"

"Kazi, Bibi. Nimeandika mama wa nyumbani."

Akanyamaza, anachezea fundo la kitenge alimofunga nauli.

"Nyumba ipi?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuliza kama abiria anayemuuliza konda kituo. Na mimi na shule yangu yote nikajibu, "Nyumba tu, Bibi, ndivyo wanavyoandika."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Ile ya Mbozi yenye popo darini. Ya Chunya, maji mpaka ushuke bonde zima. Ya Utengule, mlango wa jikoni ulifungwa kwa kamba miaka yote. Akafika saba. Zote za usharika, hata moja haikuwa yake. Barua ya uhamisho ikija, lori linafuata, kuku wanafungwa miguu, watoto wanapandishwa juu ya magodoro. Kila uwanja aliacha mparachichi alioupanda kwa kokwa, na mti wa kokwa unataka miaka mitano, sita, mingine hata kumi. Babu hakuwahi kumaliza mitano popote. "Sijala hata tunda moja," Bibi akasema, na mama mmoja kwenye benchi letu, aliyekuwa ameziba jicho, akaangua kicheko. Bibi naye akacheka. Wakamwita ndani, mimi nikabaki na kalamu.

Toka siku hiyo natafuta neno la kuweka pale. Mke wa mchungaji? Hiyo nayo ni kazi ya Babu. Mkulima? Alilima, lakini na wewe andika mkulima uone wanavyokuuliza ekari. Mama ana hadithi ya mwaka 1983, ule msako wa wahujumu uchumi, watu wanatupa bidhaa porini kwa hofu ya kukutwa nazo. Stoo ya Babu kulikuwa na katoni la sabuni za miche, za kugawiwa wajane. Babu, pamoja na heshima zote ninazompa, alitaka izikwe nyuma ya kanisa. Bibi akamwitikia, akamsubiri alale, akakata miche kwa uzi, akamwamsha Mama aliyekuwa na miaka tisa, wakapita giza kwa giza wakiacha kipande mlangoni kwa kila mjane. Kulipokucha katoni lilikuwa limeshachemshia chai ya Babu. Kazi hiyo inaitwaje?

Siku ya harusi yao walihubiriwa Ruthu, "wewe uendako nitakwenda." Bibi huwa anakumbusha kwamba Ruthu alikuwa anamwambia mama mkwe, si mume. Halafu anaongeza, "Na wa kwangu hakuwa na safari yoyote."

Basi leo jioni namtia matone, kichwa chake mapajani kwangu, nikajikaza.

"Bibi, nisamehe kwa ile fomu."

"Fomu ipi?"

Nikamkumbusha. Ile ya Jumatatu, ya kazi, mama wa nyumbani.

"Aaa, ile. Mimi nilidhani wanataka kujua tunakaa wapi. Ndiyo nikauliza nyumba ipi. Nikasema nizitaje zote, wachague wenyewe."

Siku tatu! Siku tatu sijalala, kumbe mwenzangu alikuwa anatoa anwani. Nilicheka mpaka tone likaanguka puani kwake, akanipiga kofi la mkono. Au ananisitiri, sijui. Ana ustadi huo wa kukutoa kwenye aibu bila wewe kumwona, amewafanyia hivyo wazee wa kanisa miaka na miaka.

Baadaye nikamsikia anasali. Bibi haombi kwa maneno marefu, anatoa ripoti. "Ndaga, Kyala (asante, Mungu, kwa Kinyakyusa). La kushoto naona. La kulia unalijua. Huyu mtoto halali, mwangalie." Kimya. Kisha akakumbuka na kuku wa jirani anayetaga nje, naye akamwombea.

Sasa hivi friji limeanza tena ule mlio wa wiki iliyopita, kama mtu anasaga kokoto. Kuna vibua vya elfu kumi nilivyonunua Feri Jumamosi, na fundi hapokei simu.